KAMATI YA SKULI SI YA SHEHA, WALA SI YA TAWI LETU

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*
*Kutoka Ofisi ya Katibu wa Tawi. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla ya kuituma kwengine.*



Jumamosi hii baada ya sala ya Alasiri wazazi wa skuli yetu ya msingi wanakutana kuchagua kamati mpya ya skuli. Wiki mbili sasa kila barza ina orodha yake. Ipo orodha inayosemwa kuwa imetoka upande wa sheha. Majina yamekwishajazwa, kuanzia mwenyekiti mpaka mjumbe wa mwisho, na wazazi wameachiwa kazi moja tu, kunyoosha mikono. Ipo na orodha ya pili. Hii imeandikwa na watu wetu wenyewe, na imeletwa ofisini ili tawi liipigie muhuri.

Kamati Tendaji ya Tawi imekaa na imeamua. Muhuri haupigwi. Tawi halina mgombea, halina orodha na halina mtu wake katika uchaguzi huu. Na ile orodha ya kwanza tutaipinga mkutanoni, kwa sauti zetu na kwa majina yetu, kama wazazi.

Tunajua maneno yataanza. Wapo watakaosema tumeregea, na wapo watakaosema tumeshazungumzwa. Ndiyo maana tunaandika kwa urefu, ili kila mwanachama ajue tumesimama wapi na kwa sababu gani.

*1. KITU KIDOGO, LAKINI NDICHO TULICHONACHO*

Kuna wenzetu wanaosema kamati ya skuli ni jambo la watoto, tungoje uchaguzi mkuu. Hebu tuhesabu. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 2014, sheha wetu huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Mkoa naye huteuliwa, na Mkuu wa Wilaya huteuliwa. Mwalimu mkuu hupangwa na Wizara, na afisa elimu hali kadhalika. Diwani, Mwakilishi na Mbunge tunawapigia kura mara moja kwa miaka mitano, na kila mtu hapa anajua kura hizo zimetupitisha wapi.

Ukishawatoa hao wote, kinabaki nini ambacho mvuvi, mama wa mwani, dereva wa gari ya shamba na karani wa mjini wanaweza kukaa pamoja na kumchagua jirani yao? Vimebaki vichache sana, na kamati ya skuli ni kimojawapo. Anayetaka kutupangia hata hiki anatuambia kwamba hatufai kuchagua hata mtu wa kusimamia milango ya vyoo vya watoto wetu.

Na kazi ya kamati si ndogo. Kamati ndiyo inayokaa na mwalimu mkuu kupanga fedha zinazoingia skulini zitumike vipi. Ndiyo inayofuatilia ujenzi na matengenezo. Ndiyo inayokwenda nyumba kwa nyumba wakati wa karafuu, pale darasa linapobaki nusu kwa sababu watoto wako mashamba wanaokota mpeta, au wamefuatana na wakubwa zao dago. Ndiyo inayobisha hodi kwa Afisa Elimu wa Wilaya pale mwalimu wa hesabu anapohamishwa na darasa likakaa bila ya mtu. Kamati ikilala, hakuna mwengine aliyepewa kazi ya kuamka.

*2. "BILA MALIPO" SI "BILA PESA"*

Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Mwaka 2015 Serikali ikaifuta michango ya wazazi katika skuli za msingi. Miaka ya karibuni tumeona madarasa mapya na skuli za ghorofa Unguja na Pemba. Haya ni mambo ya kheri, na hatuoni haya kuyasema ingawa hayakufanywa na chama chetu. Mtoto akipata dawati, hatuulizi dawati limeletwa na bendera gani.

Lakini skuli kutodai malipo hakumaanishi kwamba hakuna pesa inayopita. Ruzuku ya Serikali inapita. Misaada ya wafadhili inapita. Na ya kwetu wenyewe inapita, kwani madarasa mengi ya Pemba yalianza kwa jasho la wananchi. Watu wamechimba msingi, wamebeba mawe na mchanga, wamepandisha ukuta mpaka linta, kisha Serikali ikaja kuezeka. Jamaa zetu waliopo Oman na Uingereza nao huchanga kila wakiombwa, na wengi wao hawaulizi hata stakabadhi kwa sababu wanatuamini.

Hapa kwetu walichanga kwa ajili ya vyoo vya wasichana. Kila mzazi anayepita pale anaona kilichopo. Kuta zimesimama na bati limepigwa, lakini milango hakuna na maji hayajavutwa. Mtoto wa kike wa darasa la sita, ikifika zile siku zake, anabaki nyumbani. Siku tatu mwezi huu, siku nne mwezi ujao, mwisho anafika kwenye mtihani akiwa nyuma, na sisi tunasema hana akili ya kusoma.

Pesa ya milango imekwenda wapi? Hatusemi imeliwa. Tunasema hesabu haijasomwa. Mkutano uliopita uliitishwa saa nne asubuhi ya bamvua, wakati kina mama wa mwani wote wako baharini. Waliohudhuria waliambiwa "hesabu ziko sawa", mkutano ukafungwa kwa dua. Hesabu ikiwa sawa husomwa. Ikikaa mfukoni mwa mtu, hakuna ajuaye kama iko sawa, hata huyo aliyeiweka mfukoni.

Wazee walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema huibiwa. Walisema hupotea, na bila habari. Yaani hata mtu mwaminifu, asipoandika, ataipoteza mali ya watu na hatajua ilipotea siku gani.

*3. KWA WALE WENYE ORODHA YA KWANZA*

Hoja zenu tumezisikia. Tunazijibu moja moja.

Mnasema mmepanga majina ili kulinda amani. Amani ya wapi inayovunjwa na wazazi kuandika jina kwenye karatasi? Watu wa shehia hii wamesomeshana, wameoana na wamezikana. Kinachovunja amani ni mtu kufika mkutanoni akakuta maamuzi yameshafanywa barzani kwa mtu. Anaondoka na kinyongo, na kinyongo hicho hukaa miaka.

Mnasema mmechagua wenye uzoefu. Vizuri, basi uzoefu huo usomwe mbele ya wazazi pamoja na daftari la hesabu. Mwenye kazi nzuri ataomba kura akiwa ameinua kichwa. Na ikiwa wazazi wataridhika naye, hata sisi tutampa, awe amevaa fulana ya rangi yoyote.

Mnasema mmechagua wasomi. Kamati ya skuli haihitaji shahada. Inahitaji mtu mwenye mtoto pale skulini, anayejua kujumlisha na kutoa, anayekuja kwenye vikao, na asiyeona haya kuuliza. Mama anayepima mwani wake kwa mizani ya mnunuzi na akagundua kilo mbili zimeliwa, huyo anaweza kukagua mifuko ya saruji kuliko msomi asiyefika mkutanoni.

Mnasema ni kawaida, siku zote majina hupangwa. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Vyoo kukosa milango nako kumeshakuwa kawaida.

*4. KWA WATU WETU WENYEWE*

Sasa tuseme na nyumba yetu, kwa uwazi uleule.

Mmetuambia: "Sisi ndio wengi shehia hii, kwa nini tuwaachie?" Hakuna aliyesema tuwaachie. Tukiwa wengi na tukaja kama wazazi, kila mmoja na akili yake, tutachagua vizuri. Tukija na orodha ya tawi tutawachagulia wazazi wale wale tunaodai kuwatetea. Tofauti ya orodha yetu na ile nyengine itakuwa ni wino tu.

Mmetuambia: "Wao wanafanya, kwa nini sisi tusifanye?" Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi ambao watu walikuwa wameshapiga kura na matokeo yameanza kutangazwa. Sisi hatukulala siku ile. Tumelilalamikia jambo lile ndani ya nchi na nje, tumelisimulia kwa watoto wetu, na tutaendelea kulisimulia. Tulisema nini? Tulisema kura ya mtu ni amana, haipangwi na haifutwi na mkubwa yeyote. Maneno hayo hayakuwa na kifungu kinachosema "isipokuwa kwenye kamati ya skuli". Anayelia kwa kufutiwa matokeo ya nchi nzima, kisha akapanga matokeo ya darasa moja lenye ubao na madawati, amewapa wapinzani wake jibu la bure.

Mmetuambia: "Hii ni mazoezi ya uchaguzi mkuu, tupime nguvu zetu." Hapa ndipo tunapokataa kwa nguvu zaidi. Skuli si uwanja wa mazoezi. Tukiipima nguvu yetu kwenye kamati, na wao watapima yao, na mwalimu mkuu atajikuta anasimamia timu mbili badala ya skuli moja. Mzazi wa upande ulioshindwa hatakuja tena kubeba mawe. Atasema, "Waliochagua ndio wabebe." Na darasa halijengwi na upande mmoja.

Wenye umri wa kukumbuka wanaijua Pemba ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa 1995. Mtu alikuwa hanunui kwenye duka la mtu wa chama chengine. Hazikani naye, hasali naye msikiti mmoja. Ndoa zilivunjika kwa kadi za vyama. Ilichukua miaka mingi na machozi mengi mpaka tarehe 5 Novemba 2009, pale Maalim Seif na Rais Amani Karume walipokaa pamoja, na mpaka tarehe 31 Julai 2010, pale Wazanzibari asilimia 66.4 walipopiga kura ya Ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu umoja huo umefika wapi. Lakini hakuna mwenye akili timamu anayetaka kurudi kule kwenye maduka ya vyama, na hakuna njia fupi ya kurudi kuliko kuanzia skulini, ambako watoto wanasikiliza kila tunalosema nyumbani.

Tena tukumbushane jambo moja kuhusu Maalim. Jina lile hakupewa kwa mapambo. Alisomesha, na miongoni mwa skuli alizosomesha ni Fidel Castro, hapa hapa Pemba. Baadaye, kuanzia 1977 mpaka 1980, alikuwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Mwalimu hawagawi watoto darasani kwa kadi za baba zao. Tunaojiita wanafunzi wake tusifanye jambo ambalo mwalimu asingelifanya.

*5. KWA WANAOSEMA TUSUSIE*

Wapo vijana wetu wanaosema kwa kuwa orodha imeshapangwa, basi tusiende kabisa. Tunawaelewa. Lakini kususia kuna mahali pake. Kususia mkutano wa wazazi hakumtii mtu yeyote hasara isipokuwa mtoto wako. Orodha iliyopangwa haina nguvu yoyote kama ukumbi umejaa wazazi wanaodai karatasi na sanduku. Nguvu yake yote inatokana na viti vitupu. Ukibaki barzani Jumamosi, umeipigia kura orodha hiyo kwa miguu yako.

*6. TUTAZAME NA KWA WENGINE*

Msidhani mambo haya ni yetu peke yetu. Uganda, baina ya mwaka 1991 na 1995, uchunguzi ulifuata ruzuku ya Serikali kutoka hazina mpaka kwenye skuli za msingi. Ulikuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika skulini. Nyengine zote ziliishia njiani. Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza kwenye magazeti kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na skuli zikatakiwa kubandika hadharani kiasi walichopokea. Kufika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Zilikuwepo na sababu nyengine za mabadiliko hayo, lakini wazazi walikuwa wamepewa namba mkononi, na mwenye namba ni mgumu kumdanganya.

Tanzania Bara nako, tangu mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, kamati za shule zilipewa dhamana ya kusimamia fedha za ruzuku. Kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi wa msingi kinajulikana, ni Shilingi 10,000 kwa mwaka, 6,000 kwa matumizi ya shule na 4,000 kwa vitabu. Si fedha nyingi. Lakini kwa kuwa kiwango kinajulikana, mzazi wa kule anaweza kuzidisha kwa idadi ya watoto na kuuliza, "Zimefika ngapi?" Na sisi tunataka tuwe na swali kama hilo.

Na anayetaka kuona chama kikiingia kwenye skuli kunakuwaje, atazame Marekani. Kule bodi za elimu za wilaya huchaguliwa kwa kura, na sehemu nyingi karatasi ya kura haiandikwi chama, kwa makusudi. Baada ya mwaka 2020 mabishano ya vyama yakaingia humo humo, kwanza barakoa, kisha vitabu vya maktaba. Mikutano iliyokuwa ya bajeti na mabasi ya watoto ikageuka ya kupigiana kelele. Wajumbe walitishiwa, na wengine wakaamua kujiuzulu. Nchi tajiri kama ile imeona tabu hiyo. Sisi wenye vyoo bila milango tutaibeba vipi?

*7. TUNADAI NINI JUMAMOSI*

Madai yetu ni matano. Mwanachama yeyote anaweza kuyasema mkutanoni kama mzazi, bila ya kutaja chama.

Kwanza, hesabu zisomwe kabla ya kura, si baada. Huwezi kumchagua tena mtu ambaye hujasikia alifanya nini.

Pili, kura iwe ya siri. Karatasi, kalamu na sanduku. Hata boksi la chaki lililobandikwa karatasi linatosha. Kunyoosha mikono mbele ya sheha na mbele ya katibu wa tawi si kura. Mtu ana mkopo kwa huyu, ana barua ya uthibitisho kwa yule. Mpeni pahala pa kuandika bila ya kutazamwa.

Tatu, kura zihesabiwe hapo hapo, kwa sauti, kila karatasi ikionyeshwa, na matokeo yabandikwe ubaoni siku hiyo hiyo.

Nne, kina mama wasiwe wa kuandaa chai tu. Wao ndio wanaojua mtoto amekwenda skuli au hakwenda, amekula au hakula. Tunaomba wagombee, na si kwa nafasi ya mjumbe peke yake. Uwenyekiti na uhazini pia ni wao.

Tano, anayeiuzia skuli saruji, mbao au chakula asikae kwenye kamati inayoamua kununua. Hatumkatai mtu kufanya biashara. Tunakataa mtu mmoja kukaa pande zote mbili za meza.

*8. NAMNA YA KUSIKILIZA HESABU*

Wengi wametuambia, "Katibu, hata zikisomwa hatutazielewa." Mtazielewa. Hesabu ya skuli si ngumu kuliko hesabu ya duka. Shikeni haya.

Salio la kuanzia, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, lazima upate salio la mwisho. Andika namba nne hizo kwenye simu yako zinaposomwa na ufanye hesabu mwenyewe. Zikikataa, nyoosha mkono.

Salio la mwisho lilingane na taarifa ya benki pamoja na taslimu iliyopo mkononi. Zikitofautiana, sababu iwe imeandikwa, kwa mfano hundi iliyotolewa ambayo haijalipwa na benki. Jibu la "zitalingana baadaye" halipokelewi.

Kila matumizi yawe na vocha iliyoidhinishwa na stakabadhi yenye tarehe, jina la muuzaji na kitu kilichonunuliwa. Kisha ulizia kitu chenyewe. Tuseme daftari linasema mifuko 20 ya saruji. Nani aliipokea? Iliwekwa wapi? Imejenga nini? Stakabadhi inaweza kuandikwa na yeyote, lakini ukuta hauwezi kudanganya.

Anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipa, na anayelipa asiwe ndiye anayepokea mali. Hii si kwa sababu tunamshuku mtu. Ni ulinzi kwa huyo mtu mwenyewe, asije akasingiziwa.

Fedha iliyochangwa kwa kazi maalumu isomwe peke yake. Fedha ya vyoo isichanganywe na ya chaki, kwa sababu zikishachanganywa kila swali lina jibu na kila jibu haliwezi kuhakikiwa.

Na tunaonya. Hakuna ruhusa ya kumwita mtu mwizi kwenye mkutano wala kwenye makundi ya simu. Uliza, andika jibu, omba kuona karatasi. Mwenye ushahidi wa wizi anajua ofisi ya ZAECA ilipo. Mwenye hisia tu akae nazo mpaka apate ushahidi. Tukimchafua mtu asiye na kosa, tutakuwa tumefanya dhulma, na mtu mzuri hatakubali tena kugombea.

*9. MAELEKEZO KWA WANACHAMA*

Njooni nyote wenye watoto skulini. Asiye na mtoto pale asije kujaza ukumbi, huo ni mkutano wa wazazi.

Msivae fulana, kofia wala kanga za chama. Msipige salamu ya chama wala kuimba.

Anayetaka kugombea agombee kwa jina lake. Haruhusiwi kusema ametumwa na tawi, kwa sababu hakutumwa. Mwanachama atakayesambaza orodha na kuandika jina la tawi juu yake ataitwa mbele ya Kamati Tendaji.

Nendeni kwa majirani wa chama chengine kabla ya Jumamosi. Wale ambao watoto wao wanakaa dawati moja na wa kwenu. Waambieni tunachokitaka, kwamba ni kura ya siri na hesabu kusomwa, basi. Wengi wao wanakitaka hicho hicho na wanaogopa kuwa wa kwanza kusema.

Kijana mwenye chombo cha magurudumu matatu au gari, awachukue wazee na kina mama wa mbali. Awachukue wote, asiulize kadi.

Baada ya kura, aliyechaguliwa ni kiongozi wetu sote. Akiwa wa chama tawala tutampa mkono na tutambebea mawe. Akiwa wa kwetu tutamdai hesabu kila muhula, tena tutamdai zaidi, kwa sababu akiharibu tutaulizwa sisi.

*10. MWISHO*

Ndugu wanachama, tumepiga kelele miaka mingi kudai haki ya kuchagua. Jumamosi tunapewa ukumbi mdogo, wapigakura wachache na jambo lisilo na posho wala gari la Serikali. Hapo ndipo patakapoonekana kama tulikuwa tunadai haki ya kila mtu kuchagua, au tulikuwa tunadai zamu yetu ya kuwapangia wengine.

Tukifanya vizuri, huenda kabla ya mvua za masika vyoo vile vikawa na milango na maji. Hilo linatosha kuwa ushindi, na hautakuwa wa chama chochote.

Mwenye swali aje ofisini baada ya Magharibi, tupo. Tukutane Jumamosi, inshaallah, kama wazazi.

Wabillahi tawfiq.

*Katibu wa Tawi*
*Kwa niaba ya Kamati Tendaji ya Tawi, Pemba*